Giza, Mbalamwezi na Fedha ya Mgao: Uwezo wa Kujizuia Unatoka Wapi?

Mvuvi wa dagaa wa Kigoma huingia ziwani jioni na kurudi alfajiri. Usiku kucha yuko juu ya mtumbwi, upepo unampiga, taa zinawavuta dagaa kuja juu, nyavu zinashushwa, zinavutwa, zinashushwa tena. Hufanya hivyo siku zote za giza. Mbalamwezi ikipevuka, taa haziwezi kushindana na mwezi, dagaa hawakusanyiki, na mitumbwi hupumzishwa wiki nzima au zaidi. Hapo ndipo mahesabu hupigwa: zinatolewa gharama za mafuta, taa na chakula, na kinachobaki tajiri, yaani mwenye mtumbwi, anagawana na vijana wake. Na hapo ndipo husikika yale maneno tuliyoyazoea kuanzia Kibirizi hadi Katonga, kwamba wavuvi hawajui kujizuia, hela yao huishia baa kabla giza halijarudi.

Maneno hayo yananiuma, kwa sababu hayaendi sawa na tunachokiona kwa macho. Mtu aliyeshinda usingizi, baridi na hofu ya upepo wa ghafla usiku baada ya usiku, tunawezaje kumwambia hana nidhamu? Ingekuwa kujizuia ni kipaji kimoja ambacho mtu anacho au hana, mvuvi angekuwa mwalimu wetu sote. Lakini ni kweli pia kwamba wengi wao hurudi kwenye giza jipya wakiwa na madeni. Mambo yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja, na ndiyo maana inafaa tulifungue fundo hili taratibu.

Kwanza, tumeyafunga mambo tofauti kwenye furushi moja. Kuvumilia shida iliyopo ni jambo moja. Kukataa kitu kitamu kilicho mbele ya macho ni jambo lingine. Kuiacha faida ya leo kwa ajili ya faida ya mwezi ujao ni la tatu, na hilo linahitaji hesabu na imani zaidi kuliko ushupavu. Yupo mama anayeuza migebuka sokoni ambaye hagusi mtaji wake hata kuwe na nini, lakini daktari akimwambia apunguze sukari kwenye chai inamshinda. Yupo kijana anayefanya mazoezi kila alfajiri, ila simu ikiwaka tu mkono umeshafika. Kumwita mtu dhaifu kwa kuangalia upande mmoja wa maisha yake ni kumwonea.

Utafiti uliolitangaza jambo hili la kujizuia duniani ni wa Walter Mischel, mwanasaikolojia mzaliwa wa Vienna. Aliufanya kwenye shule ya chekechea ya Bing, katika Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960. Mtoto alikalishwa mezani, mbele yake pipi laini au biskuti. Akaambiwa: ukitaka kula sasa, utakula hiki kimoja, ukingoja mpaka nirudi, utapata viwili. Mtu mzima akatoka na kumwacha mtoto peke yake. Miaka mingi baadaye baadhi ya watoto wale walifuatiliwa, ikaonekana waliongoja muda mrefu walifanya vizuri zaidi kwenye mitihani. Dunia ikakichukua kipande hicho na kukimbia nacho. Mpaka leo utakisikia kwenye semina na mahubiri, kwamba mtoto aliyengoja ndiye aliyefanikiwa, basi na wewe jikaze.

Yaliyoachwa nyuma ndiyo yenye faida zaidi. Mischel aliangalia watoto walioweza kungoja walifanya nini hasa. Hawakuikodolea macho ile pipi wakishindana nayo. Waligeuza viti, wakafunika macho kwa viganja, wakaimba, wakajisemesha. Na pipi ilipofunikwa tu isionekane, watoto waliweza kungoja muda mrefu zaidi. Walipofundishwa kuiwazia kama picha au kama wingu, hali ikawa hivyo hivyo. Mioyo yao haikubadilishwa. Kilichobadilika ni kilichokuwa mbele ya macho yao na walichokuwa wanakiwazia.

Mwaka 2018 watafiti wengine wa Marekani walirudia uchunguzi kwa watoto zaidi ya 900, wengi wao wakitoka kwenye familia zenye uwezo mdogo kuliko zile za Stanford. Uhusiano kati ya kungoja na kufaulu baadaye ulionekana, ila ulikuwa mdogo, na hali ya nyumbani ilipowekwa kwenye hesabu, sehemu kubwa yake ikayeyuka. Kwa hiyo pipi ilikuwa inapima, pamoja na mengine, mtoto ametoka nyumba ya namna gani.

Kuna jaribio dogo zaidi ambalo mimi huliona kuwa ndilo lenye ufunguo. Lilichapishwa mwaka 2013 na Celeste Kidd na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rochester. Watoto walikuwa 28 tu. Kabla ya kupewa pipi, kila mtoto alipewa kazi ya kuchora na akaahidiwa rangi nzuri zaidi. Nusu yao waliletewa kweli. Nusu nyingine, mtu mzima alirudi mikono mitupu akisema samahani, kumbe hazipo. Kisha likaja lile swali la kungoja pipi ya pili. Waliotimiziwa ahadi walingoja wastani wa dakika 12. Waliodanganywa, dakika 3.

Wazee wetu walituachia methali mbili zinazovutana. Moja inasema mvumilivu hula mbivu. Nyingine inasema moja shika, si kumi nenda uje. Watoto wa Rochester wanatuonyesha kila moja inakaa wapi. Ya kwanza ni ya mtu ambaye ahadi zake zimekuwa zikitimia. Ya pili ni ya mtu aliyechoka kuambiwa "kesho". Anayeishika moja yake hajakosa akili; anaisoma dunia jinsi ilivyomfundisha.

Sasa rudi mwaloni, mitumbwi inakofikia. Kijana wa mtumbwini anajua nini kuhusu kesho? Anajua mgao unaweza kusogezwa. Anajua upepo unaweza kuchukua nyavu kwa usiku mmoja. Anajua kwamba habari za mgao zikifika nyumbani, ndugu watapiga simu, kila mmoja na shida yake ya kweli, na hawezi kumwambia shangazi yake kwamba hana hela, huku wote wanajua anayo. Hela iliyokaa mfukoni mwake ina wenyewe wengi kabla hajaitumia. Akiitumia haraka, walau amekula yeye. Ukimhubiria avumilie bila kugusa hata kimoja kati ya hivyo, unamwambia angoje pipi ambayo amekwisha kuona haiji.

Ndiyo maana naamini malezi ya kujizuia yanaanza kwa mzazi kutimiza vijiahadi. Umesema Jumamosi utamnunulia mtoto daftari la kuchorea, lilete Jumamosi. Kama hela haipo, usiahidi. Tunawachapa watoto kwa kukosa subira, huku sisi wenyewe ndio tuliowafundisha kwamba subira hailipi.

Kwa muda mrefu wataalamu walidhani uwezo wa kujizuia ni kama mafuta ya taa: ukiutumia asubuhi kukataa hiki, jioni umebaki kidogo cha kukataa kile. Roy Baumeister na wenzake walitoa jaribio maarufu mwaka 1998, ambapo watu waliolazimika kuacha vitu vya chokoleti na kula figili waliachia mapema zoezi gumu lililofuata. Mwaka 2016 maabara 23 zilijaribu nadharia hiyo kwa pamoja, kwa kipimo kingine, kwa watu zaidi ya 2,000, na hazikuona chochote cha maana. Mjadala haujafungwa, ila asiyetaka kujihukumu bure asijiambie "leo nguvu zimeniishia" kana kwamba ni hesabu iliyothibitishwa. Usingizi ni habari nyingine. Ubongo uliokosa usingizi hupunguza kazi ya sehemu ya mbele, ile inayopima matokeo kabla ya kutenda, na mtu aliyekesha siku nyingi mfululizo hafai kuamua mambo ya hela asubuhi ya mgao. Alale kwanza. Nawaambia hivi vijana wote ninaoweza kuwafikia.

Halafu kuna jambo lililowashangaza watafiti wengi. Mwaka 2012 Wilhelm Hofmann na wenzake walichapisha kazi yao kuhusu watu wazima 205 wa Ujerumani. Kwa wiki nzima walikuwa wakiulizwa kupitia simu, mara kadhaa kwa siku: hivi sasa unatamani nini, na unapambana nacho? Ungetarajia wanaosifika kwa kujidhibiti ndio wangekuwa wanapambana sana na kushinda. Ikawa kinyume chake. Walipambana kidogo kuliko wengine. Vishawishi havikuwafikia mara nyingi, kwa sababu maisha yao yalikuwa yamepangwa vikae mbali.

Asiyeamini aangalie Ujiji mwezi wa Ramadhani. Mtu ambaye siku za kawaida hawezi kukaa saa mbili bila sigara anakaa kutoka alfajiri hadi magharibi bila sigara, bila maji, bila chakula, katika jua la Kigoma, siku 29 au 30. Moyo wake ni ule ule wa mwezi uliopita. Lakini mwezi huu mpaka uko wazi: kuna saa ya kuanza na saa ya kumaliza, hakuna "kidogo tu". Ameweka nia usiku, kwa hiyo mchana hana la kuamua. Nyumbani kwake hakuna anayepika mchana. Wenzake wote barazani wamefunga, na futari anaijua itakuja saa ngapi. Juu ya yote kuna imani, ambayo siwezi kuipunguza kuwa mbinu na wala sitaki. Ninachosema ni kwamba hata ibada, ambayo ina nguvu kuliko ushauri wowote, haikumwacha mtu apambane peke yake na nafsi yake katikati ya vishawishi. Ilimzungushia ratiba, watu na mpaka. Sisi tukitaka kuacha jambo huwa tunajipa nia peke yake, kisha tunashangaa kwa nini haidumu.

Kwenye fedha, mpaka huwekwa kabla hela haijashikwa. Magharibi mwa Kenya, huko Busia, Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson waliwafuata wakulima wa mahindi waliokuwa wakisema kila mwaka watanunua mbolea, na msimu wa kupandia ukifika hela imekwisha. Wakulima walipofuatwa mara tu baada ya mavuno, hela ikiwa bado mkononi, wakapewa nafasi ya kulipia mbolea mapema na kuletewa bila gharama ya usafiri, walionunua waliongezeka wazi. Kuwaletea bila gharama ya usafiri wakati wa kupandia hakukufanya kazi namna hiyo. Ni mkulima yule yule na mbolea ile ile. Ila siku ya kuamua ilisogezwa mahali ambapo kuamua ni rahisi. Mkulima wa tumbaku wa Urambo au Kaliua, mkoani Tabora, anayepokea jasho la mwaka mzima kwa mkupuo baada ya soko, anaielewa habari hii bila kufafanuliwa. Bati zilizolipiwa siku ya malipo zipo juu ya nyumba. Zilizosubiri "nikishatulia" nyingi hazijanunuliwa.

Kwa mvuvi maana yake ni mazungumzo ya nyumbani wakati wa giza, si wakati wa mbalamwezi. Yeye na mkewe wakae wakubaliane: mgao ukitoka, ada inalipwa siku ile ile, mahindi ya mwezi yanaingia ndani siku ile ile, kiasi fulani kinakwenda kwenye kikundi, na kiasi fulani ni chake cha kujifurahisha bila kuulizwa. Hilo la mwisho ni la lazima. Mpango usiompa mtu hata soda ya kunywa na wenzake ni mpango anaoanza kuutoroka siku ya pili.

Nimekaa kwenye vikundi vya kuweka na kukopa kwa miaka mingi, kwa hiyo hapa naomba mniruhusu nirefushe. Watu wengi wanadhani kikoba kinafanya kazi kwa sababu ya riba au mikopo. Mimi naona siri iko kwenye sanduku. Kwa kawaida lina kufuli tatu, funguo wanakaa nazo watu watatu, na halifunguliwi ila kwenye kikao, wanachama wakiwa wamekaa na kuona. Mtindo huu wa vikundi ulianza kusambazwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991, kisha ukaenea Afrika nzima, na nguvu yake iko palepale. Mwanachama hawezi kuichukua hela yake saa nne usiku anapoitamani. Lazima angoje siku ya kikao, na hamu nyingi hazidumu mpaka siku ya kikao. Na yule ndugu anayepiga simu, jibu lipo na si la uongo: shangazi, hela iko kwenye sanduku, haifunguliwi mpaka Jumapili. Kikundi kinabeba lawama ambayo mtu mmoja asingeiweza. Kibubu cha udongo hufanya nusu ya kazi hiyo, maana kukivunja kunaacha ushahidi.

Kuna waliolipima jambo hili. Nchini Ufilipino, Nava Ashraf, Dean Karlan na Wesley Yin walishirikiana na benki moja ya kijijini kuwapa wateja akaunti ambayo mwenyewe hawezi kutoa hela yake mpaka tarehe au kiasi alichojiwekea. Hakukuwa na riba ya ziada. Ungesema nani atakubali kufungiwa hela yake bila faida? Asilimia 28 ya waliopewa nafasi hiyo walikubali, na baada ya mwaka akiba ya kundi lililopewa nafasi ilikuwa imeongezeka kwa takriban asilimia 80 kuliko ya kundi ambalo halikupewa. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2006. Watu wanajijua. Wakipewa kufuli, wengi watajifunga wenyewe.

Lakini kikundi si dawa ya kila mtu. Chenye kiongozi asiyesoma mahesabu mbele ya wanachama kinawafundisha watu lile somo la rangi zisizoletwa, na aliyeibiwa na kikundi hufunga moyo kwa miaka. Kabla ya kujiunga, hudhuria vikao viwili au vitatu bila kuweka kitu, usikilize kama hesabu zinatajwa kwa sauti.

Simu ni hivyo hivyo. Anayebeti hatashinda kwa kuapa. Ataweza zaidi akiifuta programu na kumwachia mwenzake namba ya siri ya fedha usiku wa mechi. Asiyelala kwa sababu ya video, simu ichajiwe chumba kingine. Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia wa Ujerumani, ameonyesha tangu miaka ya 1990 kwamba nia ya jumla kama "nitapunguza pombe" ina nguvu ndogo kuliko nia iliyofungwa kwenye tukio: "wenzangu wakianza kuagiza, nitaagiza soda na kuondoka mpira ukiisha." Hasira nazo zinaingia humo. "Akinijibu vibaya nitatoka nje niteke maji kwanza" ni mpango. "Nitajitahidi nisikasirike" si mpango.

Tusisahau pia kwamba ukata wenyewe unakula akili. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti uliowapima wakulima 464 wa miwa wa Tamil Nadu, India, kabla na baada ya mavuno. Mkulima yule yule alifanya vibaya zaidi kwenye majaribio ya kufikiri na kujizuia wakati hana kitu, akafanya vizuri alipolipwa. Basi tukimwona mtu anakosea mahesabu akiwa kwenye shida, tujue shida nayo ina mkono humo.

Na ziwa lenyewe limetupa mfano. Kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti 2024 uvuvi ulisitishwa katika Ziwa Tanganyika, kwa makubaliano ya Tanzania, Burundi, Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ili samaki wazaliane. Ilikuwa miezi migumu, mama wauza dagaa na vijana wa mitumbwini waliumia, na sitaki kuipamba. Lakini fikiria kumwomba mvuvi mmoja aache kuvua kwa hiari huku jirani yake anavua. Angekuwa anawaachia wengine samaki. Kujizuia kwake kulikuwa na maana pale tu ambapo na wa ng'ambo naye amejizuia, na mwisho wake una tarehe.

Kuteleza kutakuwepo. Phillippa Lally na wenzake wa London walipofuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea tabia mpya, waliona wastani wa siku 66 ndipo tabia inakuwa ya kujiendea, lakini wengine ilikadiriwa siku 18 na wengine 254. Kukosa siku moja hakukuharibu kazi. Kinachoharibu ni kusema "nimeshavunja, basi" na kumaliza kilichobaki.

Yote haya yana mpaka wake, na ni lazima niutaje, maana mtu anaweza kuumia. Ikiwa mwenzako asipokunywa asubuhi mikono inatetemeka, anatoka jasho, hawezi kula mpaka apate kidogo, huyo amevuka eneo la mipango ya nyumbani. Pombe imeshaushika mwili wake. Msimfungie ndani wala kumlazimisha aache kwa siku moja, kwa sababu kukatishwa ghafla kunaweza kumletea degedege na hata kifo. Mpelekeni hospitali, iwe Maweni pale Kigoma mjini au kituo cha afya kilicho karibu, mweleze mganga ukweli kuhusu kiasi anachokunywa na ameanza lini, na mmoja wenu abaki naye siku za mwanzo.